Makali ya Jumapili

Mwalimu mstaafu alivuka barabara akiwa amenyolewa shavu moja. La kulia lilikuwa wazi, lina mistari miwili myembamba ya damu, na la kushoto bado lilikuwa na ndevu zake nyeupe pamoja na povu lililoanza kukauka. Taulo la kinyozi lilikuwa shingoni mwake, naye alitembea polepole kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi. Mtaa mzima ulikuwa nje, maana ilikuwa Jumamosi, na siku ya Jumamosi watu hawana kazi ila kutazama mambo ya wenzao.

Fundi Pamba alibaki nyuma ya kiti kitupu, wembe mkononi. Mambo yalikuwa yamekwenda haraka. Mwalimu alikuwa amevumilia shavu la kwanza lote bila neno, vidole vyake vikishika mikono ya kiti. Kisha akasema, kwa sauti ile ya kumsahihisha mtoto unayempenda:

"Fundi, leo wembe wako haunyoi. Unang'oa."

"Samahani, mwalimu. Ngoja niupitishe tena kwenye mkanda."

"Umeupitisha mara nne. Nimehesabu."

Akainuka. Akatoa pesa mfukoni na kuziweka kwenye ubao mdogo chini ya kioo, akaahidi kurudisha taulo, akatoka kuelekea ng'ambo, kwenye saluni ya vijana wenye mashine za umeme. Angelipa nusu, fundi angemezea. Alilipa bei nzima, na hilo ndilo lililomchoma fundi.

Kibarazani, fundi cherehani wa jirani alisimamisha mashine yake. "Wahenga walisema mwenzio akinyolewa, wewe tia maji," alisema. "Sasa mwenzio akinyolewa nusu, mtu atie nini?"

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walicheka. Punde mmoja akakumbuka kitu alichosahau nyumbani, na mwingine akaondoka kumsaidia kukitafuta.

Jina la Pamba alipewa na wateja hao hao, enzi za nyuma, kwa sababu walisema wembe wake ukipita usoni ni kama mtu anakupangusa kwa pamba. Watu walitoka mitaa ya mbali, wakapita vinyozi watatu njiani, ili waje kusubiri kwenye benchi lake. Kabla ya kunyoa alikuwa na maonyesho yake. Anaukunjua wembe, anauinua kwenye mwanga wa mlango, anaupitisha kwenye mkanda wa ngozi uliotundikwa msumarini, huku na huku, chap, chap, mpaka benchi zima linanyamaza. Wateja waliamini kwamba siri yote imo kwenye ule mkanda, naye aliwaacha waamini.

Lakini mkanda hulainisha tu makali yaliyokwisha kuwapo, hauyazai. Makali yalizaliwa nyumbani, kila Jumapili asubuhi, kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, juu ya kinoo chenye rangi ya majivu, na mkono uliokuwa ukiyazaa ulikuwa wa mkewe. Kwa miaka thelathini na moja Fundi Pamba alikuwa amenyoa, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kunoa. Sasa ilikuwa wiki ya sita tangu mkewe ateleze bafuni na kuvunjika kiwiko cha mkono wa kulia.

*

Alifunga duka saa nane mchana, jambo ambalo halikuwahi kutokea Jumamosi. Akaufunga wembe kwenye kitambaa, akaenda sokoni kwa mnoa visu.

Mnoa visu alikuwa kijana mwenye miwani, amegeuza baiskeli yake ikawa mashine. Anakanyaga pedali, gurudumu la jiwe linazunguka, cheche zinaruka. Mbele yake palikuwa na mapanga, visu vya jikoni, na mikasi ya washonaji. Alipoukunjua ule wembe alisimamisha miguu.

"Mzee, huu siuweki kwenye gurudumu. Nitauua."

"Uue mara ngapi? Ulivyo ndio umekwisha kufa."

Kijana alivua miwani, akausogeza wembe karibu na jicho, akautazama kwa ubavu kuanzia kisiginoni, pale makali yanapoanzia karibu na mpini, mpaka kwenye ncha. Alitumia muda mrefu. Kisha akatabasamu kama mtu aliyefumania jambo.

"Hapa imepita mikono miwili," alisema. "Angalia mgongo wa wembe. Umelika sawasawa pande zote mbili, tangu mwanzo mpaka mwisho, kama umepimwa. Hiyo ni kazi ya miaka. Huyo wa kwanza alikuwa fundi kwelikweli, mzee. Mimi mwenyewe ningekaa miguuni pake. Halafu akaja huyu wa pili." Akapitisha kucha juu ya makali bila kuyagusa. "Huyu wa pili sijui alikuwa na ugomvi gani na wembe."

Fundi Pamba alikohoa. "Labda alikuwa anajaribu."

"Amejaribu, tena kwa nguvu zote. Amebonyeza katikati mpaka pakaingia ndani. Sasa ukiuweka usoni, kisigino na ncha vinakwaruza, katikati hapagusi kitu." Akaukunja, akamrudishia kwa mikono miwili. "Mrudishie yule wa kwanza. Yuko hai?"

"Yuko hai. Kavunjika mkono."

"Mungu amponye. Ukimwona, mpe salamu zangu."

Alikataa kupokea hata senti. Fundi Pamba alishukuru, akaondoka haraka kabla hajaulizwa jina la huyo fundi wa kwanza.

*

Hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alizunguka kwa njia ndefu, ya nyuma ya ghala la mbao, kwa sababu miguu yake haikuwa na hamu ya kufika.

Alikumbuka chumba chao cha kwanza, kitanda kimoja na kigoda kimoja, wiki ya tatu ya ndoa. Yeye alikuwa kinyozi mpya, ametoka kujifunza kwa bwana mmoja aliyemfundisha kunyoa vizuri na kunoa vibaya. Asubuhi hiyo alikuwa akisugua wembe kwenye kinoo huku akitoa jasho, na mkewe, binti wa mnoa visu, alikuwa akimtazama kutoka kitandani. Alivumilia, alivumilia, mwisho akasema, "Baba yangu angekuona angekuchapa." Akashuka, akachukua wembe, akakaa kizingitini, akaweka kinoo juu ya paja. Fundi hakubisha. Ukweli ni kwamba alifurahi kupumzika.

Tangu siku hiyo Jumapili ikawa na sauti yake. Shwaa, kimya kidogo, shwaa. Yeye akiwa bado kitandani, amefumba macho, akisikiliza chuma kikiteleza juu ya jiwe lililoloa, na harufu ile ya maji na udongo ikiingia chumbani. Watoto walipozaliwa walijifunza kunyamaza saa hiyo bila kuambiwa. Walipokua wakahama, sauti ikabaki. Wakati mwingine aliamka kabla yake makusudi, akalala tu, akiingoja ianze. Hakuwahi kumwambia kwamba hiyo ndiyo saa aliyoipenda kuliko zote katika juma. Aliona ni jambo linalojulikana, kama vile jua kuchomoza.

Na alikumbuka siku aliyorudi na jina jipya. Aliingia kifua mbele. "Mama watoto, kuanzia leo mimi naitwa Fundi Pamba." Mkewe alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Akacheka, akauliza, "Haya. Wewe Fundi Pamba. Na mimi nani?" Naye akamjibu kwa ukarimu wake wote, "Wewe mke wa Fundi Pamba." Mkewe aliendelea kuchambua mchele. Kwa miaka yote fundi alikuwa amedhani lile lilikuwa jibu zuri.

*

Habari zilikuwa zimemtangulia. Habari mbaya haina miguu lakini hufika. Jirani, mama mwenye genge la nyanya, ndiye aliyezileta, akaongezea chumvi: kwamba damu ilichuruzika mpaka kwenye kola.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, mkono wa kulia ndani ya plasta, umening'inizwa shingoni kwa kipande cha khanga. Hakumsalimia. Alinyoosha mkono wa kushoto.

"Lete."

"Nini?"

"Baba watoto, usinichoshe. Lete wembe."

Akautoa. Mkewe aliukunjua kwa meno na kidole gumba, akaomba rula iliyokuwa kwenye droo tangu enzi za madaftari ya watoto. Akaegemeza makali kwenye rula, akainua vyote viwili mbele ya dirisha. Katikati, kati ya rula na makali, mwanga ulipita, uzi mwembamba wa mwanga mweupe.

Hakupiga kelele. Aliushusha wembe mapajani, akautazama kama mtu anayetazama picha ya zamani iliyomwagikiwa maji.

"Ulikuwa na tumbo," alisema. "Makali yalikuwa na kitumbo kidogo. Umekipeleka wapi?"

Fundi akakaa chini, sakafuni, kwa kukosa pa kuweka aibu. Akaeleza. Kwamba wiki mbili zilizopita wembe ulianza kuvuta. Kwamba alifunga duka saa ya chakula, akachukua rula kama hiyo, akaona wembe unacheza juu yake, huku na huku, haulali. Akasema moyoni, kumbe huu ndio ugonjwa, umelika mwisho na mwisho, katikati pamebaki juu. Basi akaweka kidole katikati, akasugua hapo ili aunyooshe. Siku tatu.

"Nilidhani ni ubovu," alisema.

"Ubovu." Mkewe alirudia neno hilo polepole. "Wembe ukinyooka kama rula, unagusa uso wote kwa mkupuo, unachimba. Ukiwa na kitumbo unagusa kidogo kidogo, unapita. Ndiyo hiyo pamba yenu. Miaka thelathini na moja nakilinda hicho kitumbo kisiishe, wewe kwa siku tatu umekinyoosha. Ulichokiita ubovu ndiyo ilikuwa kazi yangu."

Nje, genge la nyanya lilikuwa linafungwa, mabati yanagongana.

"Ulikwenda wapi sasa hivi? Duka umefunga saa nane, hapa unafika saa kumi."

"Kwa mnoa visu."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka mkewe. Hakulia hata siku aliyoanguka, mfupa umesimama vibaya, watu wanatafuta gari.

"Wiki sita nimekaa kwenye kiti hiki," alisema. "Unaniletea maji ya moto. Unaniletea uji. Unanichana nywele, tena vizuri, Mungu akulipe. Kila jioni nakuuliza duka vipi, unasema wateja wananisalimia. Nimekaa nangoja uniletee wembe, hata kuniuliza tu, mama watoto, hapa nafanyaje? Mkono umevunjika, baba watoto. Mdomo haujavunjika. Lakini wewe umeona bora umuulize mtu wa barabarani."

Fundi Pamba alikuwa ameona haya kuuliza, kwa kuwa kuuliza kungekuwa ni kusema kwa mdomo jambo ambalo wawili hao walikuwa wameliishi bila kulisema. Alikuwa amelificha kwa watu wa nje mpaka akalificha na ndani.

"Huyo mnoa visu," alisema mwishowe, "kasema imepita mikono miwili. Kasema wa kwanza alikuwa fundi kwelikweli. Kasema yeye mwenyewe angekaa miguuni pake."

Mkewe alijifuta kwa ncha ya khanga. "Kasema nini?"

"Alikuwa fundi kwelikweli."

"Rudia na ile ya miguuni."

Akairudia. Mkewe akamrudishia wembe. "Kesho Jumapili," alisema. "Loweka kinoo usiku huu."

*

Asubuhi walikaa kizingitini, fundi chini na mkewe kando yake kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu ndoa yao sauti ya Jumapili ilitoka kwenye mkono wa mwanamume. Ilikuwa sauti mbaya. Krrr, krrr.

"Huo unakwangua sufuria," mkewe alisema. "Laza. Wembe haulali kwa makali, unalala kwa mgongo. Mgongo uguse jiwe, na makali yaguse jiwe, vyote kwa pamoja. Mgongo ndio unaojua pembe, wewe hujui, usiufundishe kazi yake."

"Hivi?"

"Hivyo. Sasa tanguliza makali, kama unataka kukata kipande chembamba cha jiwe. Anzia kisiginoni, uende ukiteleza mshazari, umalizie kwenye ncha. Ukigeuza, geuza kwa mgongo, usigeuze kwa makali. Toa hicho kidole katikati."

"Sijaweka kidole."

"Umeweka. Nimesikia."

Alikuwa amefumba macho. Fundi alitazama kidole chake, kikawa kweli kipo katikati, kimejipeleka chenyewe.

Akauliza ni vipi shimo lile litazibwa. Mkewe akamwambia shimo la chuma halizibwi. Unachoweza kufanya ni kuvishusha kisigino na ncha, taratibu, mpaka vifike chini ya shimo, na kitumbo kizaliwe upya hapo. Wembe utakuwa mwembamba kuliko jana. "Utapoteza chuma cha miaka kumi," alisema, "lakini kilichobaki kinatutosha sisi wawili kuishia nacho."

Jua lilipopanda, fundi alidhani amefika. Akauosha wembe, akataka kuujaribu kwenye kucha. Mkewe akasema hapana, akanyoosha mkono wake wa kushoto, kwa ndani, chini ya kiwiko. "Hapa."

Fundi akaushika ule mkono na kushangaa. Ulikuwa na malaika, vinyweleo laini, vingine vyeusi, vingine vimeanza mvi. Alikuwa ameujua mkono huo miaka yote, umemlisha, umemkanda mgongo, na siku zote ulikuwa laini kama kioo.

"Tangu lini una malaika hapa?"

"Tangu nianguke."

"Mimi nilidhani ndivyo ulivyoumbwa."

Mkewe akacheka mpaka plasta ikatikisika. "Baba watoto, we. Kila Jumapili nanoa, nausikiliza wembe, halafu naujaribu hapo. Ukinyoa vinyweleo bila mimi kusikia kitu, basi umekwisha. Ulidhani nilikuwa najuaje? Nauonja kabla yako, na kabla ya hao wateja wako."

Fundi alilaza wembe kwenye mkono wa mkewe, akausukuma kidogo. Vinyweleo viliinama, vikainuka tena, vyote vipo.

"Bado," mkewe alisema, akashusha mkono.

Ilikuwa bado Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Katikati ya juma fundi alikaa dukani bila mtu, akawa anasikiliza cherehani ya jirani na kutazama taulo zake zilivyokunjwa. Mchana wa Jumatano alikwenda na mkewe hospitali, plasta ikakatwa. Mkono ulitoka umekonda, na vidole viwili vikagoma kufunga. Daktari alisema vitafunga, akasema pia kwamba huenda visifunge. Njiani mkewe alijaribu kushika pochi yake kwa mkono huo, ikamponyoka, akainama kuiokota kwa mkono mwingine kabla mumewe hajainama.

"Sasa mwanafunzi wangu ni lazima afaulu," alisema. Alisema kwa mzaha. Fundi hakuupokea kama mzaha.

Jumapili ya nne, karibu na saa tatu, mkewe alifumbua macho ghafla.

"Rudia hiyo."

Shwaa. Kimya kidogo. Shwaa.

Wote wawili waliijua. Fundi hakuthubutu kumtazama. Alipiga mara kumi nyingine, kwa wepesi, kila upande kwa zamu, akaosha, akakausha, akasubiri. Mkono wa kushoto ukaja. Akalaza wembe, akausukuma, na vinyweleo vikabaki juu ya bapa la chuma kama vumbi, na nyuma yake palikuwa na njia safi, nyembamba.

"Umesikia kitu?" aliuliza.

"Sijasikia kitu," mkewe alisema.

*

Jumatatu jioni fundi alikwenda nyumbani kwa Mwalimu. Alimkuta uani akimwagilia maua, mashavu yote mawili yana vipele vilivyoiva. Hakuna kati yao aliyevitaja vipele.

"Nimekuja kuhusu shavu langu," fundi alisema.

"Shavu gani?"

"La kushoto. Nilikukosea, mwalimu. Ulinilipa mawili, na nilinyoa moja. Njoo Jumamosi."

Mwalimu aliweka chini kopo la maji, akajikuna kidevu kwa uangalifu. "Mkono umerudi?"

"Njoo Jumamosi," fundi alirudia.

Jumamosi ile, asubuhi, kabla ya kutoka, alimwambia mkewe avae. Mkewe akauliza avae kwenda wapi. "Dukani." Mkewe akasema dukani kuna nini kwake. Miaka yote alikuwa anaishia mlangoni, anampa mtu kikapu cha chakula, anarudi. Fundi akachukua kinoo, akakifunga kwenye kitambaa kile cha wembe, akakitia kwenye kikapu. "Twende," alisema. "Leo sitaki chakula."

Alimkalisha kwenye benchi la wateja, mwanzo kabisa, chini ya mkanda wa ngozi. Fundi cherehani alichungulia mara mbili, kisha akahamishia kigoda chake mlangoni, akidai kibarazani kuna jua. Watu watatu walikuwepo, wamekuja kwa sababu walisikia Mwalimu anakuja, maana msiba wa mtu mwingine huwa na wahudhuriaji wengi.

Mwalimu aliingia na lile taulo, limefuliwa na kupigwa pasi. "Shemeji," alimwambia mke wa fundi, "leo umekuja kumkagua mzee?"

"Nimekuja kukaa tu, mwalimu."

Fundi alimfunga taulo, akapaka povu, akaukunjua wembe. Safari hii hakuuinua kwenye mwanga wa mlango. Aliupitisha kwenye mkanda kidogo tu, bila maonyesho, akaanza na shavu la kushoto, pale alipoachia. Hapakusikika kitu ila mtu anayepumua kwa mdomo. Wembe ulishuka kutoka sikioni mpaka taya, juu ya vipele na mikunjo, ukaacha ngozi nyuma yake. Vidole vya Mwalimu, vilivyokuwa vimeshika mikono ya kiti, vikaachia kimoja kimoja.

"Ahaa," Mwalimu alisema, macho yamefumba. "Fundi Pamba. Mkono umerudi."

Fundi alipangusa wembe. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kama wa mtu anayeposa. Aligeuka akalitazama benchi.

"Mkono si wangu, mwalimu," alisema. "Wembe huu huwa ananoa mke wangu. Tangu siku ya kwanza. Mimi katika duka hili nimewahi kunoa mara moja tu kwa akili yangu, nayo ni ile iliyokukwaruza."

Mtu mmoja alianza kucheka, akidhani ni utani. Akaangalia nyuso za wenzake, akaacha. Fundi cherehani alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na methali. Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa, anakunjua vidole vyake viwili visivyofunga, anavikunja, anavikunjua.

"Huu nimenoa mimi," fundi aliendelea, "lakini yeye ndiye aliyeusikia."

Mwalimu alifumbua macho. Akalishika taulo lisianguke, akajizungusha kwenye kiti polepole, shavu moja safi, jingine limejaa povu, mpaka akatazamana na yule mwanamke ambaye alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini. Akamtazama usoni, kisha akautazama mkono wake wa kushoto uliokuwa wazi, na ile njia ndogo safi chini ya kiwiko. Mwalimu alikuwa mtu wa kuelewa haraka.

"Shikamoo, fundi," alisema.

Hakuna aliyecheka. Mke wa fundi aliinua kichwa.

"Marahaba," alijibu. "Sasa geuka, mwalimu. Povu linakauka."